Kinga Haisubiri Mtu Aache: Sera ya Kupunguza Madhara ya Dawa za Kulevya na Mapambano dhidi ya VVU

 Mazungumzo haya yanahusu sera ya Serikali ya Tanzania ya kupunguza madhara ya dawa za kulevya, na nafasi ya sera hiyo katika kuzuia maambukizi ya virusi vya UKIMWI, yaani VVU, miongoni mwa watu wanaotumia dawa hizo, hasa wanaojidunga heroini.

Mada itakwenda kwa hatua tatu. Kwanza itaelezwa namna VVU vinavyopita kutoka kwa mtumiaji mmoja kwenda kwa mwingine. Pili itaelezwa Serikali imefanya nini hadi sasa, na kwa nini hatua hizo zinastahili sifa. Na tatu yatatajwa mapengo yaliyobaki, ambayo yasipozibwa yatadhoofisha hata yale mema yaliyokwisha kufanyika. Jambo moja litarudiwa katika kila hatua, kwa sababu ndilo kiini cha mada nzima: kinga haisubiri mtu aache. Mtumiaji wa heroini anastahili kulindwa dhidi ya VVU leo, akiwa bado anatumia, na si siku atakapokuwa ameacha, kwa kuwa aliyekwisha kufa hana tena nafasi ya kuacha.

Hatua ya kwanza, basi, ni kuelewa tatizo lenyewe. Heroini hutokana na mmea wa afyuni, ambao kwa miongo mingi umelimwa kwa wingi Afghanistan, na sehemu ya shehena yake husafirishwa kwa majahazi kupitia Bahari ya Hindi na kuteremshwa katika pwani ndefu ya Afrika Mashariki, kuanzia Kenya, kupitia Tanga, Unguja na Dar es Salaam, hadi kaskazini mwa Msumbiji. Shehena hizo zilikusudiwa zaidi kupita tu, zikielekea masoko ya mbali, lakini tangu miaka ya 1980 sehemu yake ilianza kubaki na kuuzwa mitaani kwa kete, yaani vifuko vidogo vyenye kipimo cha kutumia mara moja. Mwanzoni watumiaji wengi waliivuta, ama kwa kufukiza moshi wake ama kwa kuichanganya na bangi. Kuelekea mwisho wa miaka ya 1990 iliingia heroini nyeupe inayoyeyuka kirahisi katika maji, na kwa kuwa kujidunga huleta athari ya haraka kwa kiasi kidogo cha unga, watu waliokuwa na fedha chache walihamia kwenye sindano. Hapo ndipo janga la heroini lilipokutana na janga la VVU.

Je, virusi hupita vipi? Wasikilizaji wengi watajibu kwamba hupita kwa kuchangia sindano, na jibu hilo ni sahihi, ila halijakamilika. Katika kijiwe, watu watatu huweza kuchangishana fedha za kete moja. Unga huyeyushwa kwa maji kidogo ndani ya kijiko au kifuniko cha chupa, huchujwa kwa kipande cha pamba, kisha huvutwa kwenye bomba la sindano. Wa kwanza anapojidunga, huvuta damu kidogo irudi ndani ya bomba ili lisibaki hata tone la dawa, huisukuma tena mshipani, na baada ya hapo bomba hilo husuuzwa kwa maji ya kikombe kimoja kinachotumiwa na wote, likapokewa na wa pili. Kwa hiyo hata pale ambapo kila mmoja ana sindano yake, damu ya mmoja inaweza kumfikia mwingine kupitia maji, pamba au kijiko cha pamoja. Ndani ya bomba lililofungika, VVU vinaweza kubaki hai kwa siku kadhaa, na katika mazingira ya ubaridi hata kwa wiki kadhaa, ilhali nje ya mwili, mahali palipo wazi na pakavu, hufa upesi.

Mwaka 2005 watafiti waliofanya kazi miongoni mwa watumiaji wa Dar es Salaam walitoa taarifa katika jarida la kitabibu kuhusu jambo lililoishtua dunia. Baadhi ya wanawake, waliokuwa wakijipatia fedha kwa kuuza ngono, walikuwa wakijidunga heroini, kisha wakivuta damu yao wenyewe ikajaa kwenye bomba na kumpa mwenzao asiye na fedha ajidunge damu hiyo, kwa imani kwamba ina dawa ya kutosha kumwondolea arosto. Arosto ni hali inayompata mraibu anapokosa dawa: mifupa humuuma, tumbo humsokota, hutapika na kuharisha, jasho humtoka na usingizi humpaa, na katika hali hiyo mtu huwa tayari kufanya chochote ili nafuu ipatikane. Ni muhimu kutambua kwamba tendo lile halikufanywa kwa nia mbaya. Lilikuwa tendo la kusaidiana baina ya watu waliokosa kila kitu, na njia ile ile ya huruma ndiyo iliyoweza kumwingizia mwenzao virusi moja kwa moja katika mshipa wa damu.

Matokeo yake yalionekana katika vipimo. Uchunguzi uliofanyika wilayani Temeke mwaka 2011 ulikuta takriban mtu mmoja kati ya watatu wanaojidunga akiwa na VVU, na miongoni mwa wanawake walikuwa wawili kati ya watatu, wakati ambapo kiwango cha maambukizi kwa watu wazima wa Tanzania Bara kilikuwa takriban watu 5 kati ya 100. Zanzibar, ambako maambukizi katika jamii kwa jumla ni chini ya mtu mmoja kati ya 100, vipimo vya miaka hiyo viliwakuta zaidi ya watu kumi katika kila mia moja ya wanaojidunga wakiwa nayo. Tofauti hiyo ni kubwa mno kuachwa, kwa sababu wanaojidunga wana wake, waume, wapenzi na watoto, na virusi vikishaingia katika kundi dogo lililotelekezwa havina mpaka wa kuvizuia visivuke kwenda kwa wengine.

Kabla ya kuingia hatua ya pili, inafaa kufafanua maana ya kupunguza madhara. Huu ni utaratibu wa afya ya jamii unaokubali kwamba wapo watu ambao, kwa sababu ya uraibu, hawawezi au hawajawa tayari kuacha dawa leo, na kwamba watu hao wapewe njia za kuepuka kifo, maambukizi na majeraha katika kipindi hicho, huku mlango wa kuacha ukiwa wazi wakati wote. Mwaka 2009 mashirika matatu ya Umoja wa Mataifa, yaani Shirika la Afya Duniani, ofisi inayoshughulikia dawa za kulevya na uhalifu, na mpango wa pamoja wa UKIMWI, yalitoa mwongozo wenye huduma tisa za kuwapa wanaojidunga. Huduma hizo ni sindano na mabomba safi, tiba ya uraibu kwa dawa kama methadoni, upimaji wa VVU kwa hiari na ushauri nasaha, dawa za kufubaza VVU, kinga na tiba ya magonjwa ya ngono, kondomu, elimu inayolenga kundi hilo, kinga na tiba ya homa ya ini, na kinga na tiba ya kifua kikuu. Huduma hizo zinategemeana, na sindano safi pamoja na methadoni ndizo nguzo mbili zinazobeba nyingine.

Hapa huibuka swali ambalo wazazi na viongozi wa dini huliuliza kwa uchungu wa haki: je, kumpa mtu sindano safi si kumhimiza ajidunge? Swali hilo linastahili jibu la heshima. Kofia ngumu ya dereva wa bodaboda haimfundishi kuanguka. Humkinga kichwa siku anapoanguka, na hakuna aliyepata kudai kwamba kofia ziondolewe ili madereva waogope zaidi. Tafiti za miongo kadhaa katika nchi nyingi hazikuonyesha kwamba ugawaji wa sindano huwaingiza watu wapya katika kujidunga wala kwamba huwafanya waliomo wajidunge zaidi. Zilichoonyesha ni kwamba huwakutanisha na mhudumu wa afya, ambaye ndiye huwafikisha kwenye vipimo na tiba.

Kinyume chake pia kimeshaonekana. Mjini Edinburgh, Uskochi, mwanzoni mwa miaka ya 1980, shinikizo la polisi lilifanya sindano zisipatikane kwa watumiaji wa heroini, kwa matumaini kwamba uhaba ungepunguza matumizi. Matumizi hayakukoma, kilichotokea ni sindano chache kupita mikononi mwa watu wengi, na utafiti uliochapishwa mwaka 1986 ulikuta takriban nusu ya watumiaji waliopimwa katika kituo kimoja cha afya cha mji huo wakiwa na VVU. Mjini Amsterdam, kwa upande mwingine, ubadilishaji wa sindano ulianza mwaka 1984 kwa msukumo wa watumiaji wenyewe waliohofia homa ya ini. Funzo la Edinburgh ni kwamba uhaba wa sindano haumfanyi mraibu aache dawa, bali humfanya aokote sindano ya mwenzake. Kinga, basi, haisubiri mtu aache.

Sasa, ndugu wasikilizaji, hatua ya pili: Serikali ya Tanzania imefanya nini? Jibu ni kwamba imefanya jambo kubwa, na haki itendeke kwa kulitaja. Mwezi Februari 2011 kliniki ya methadoni ilifunguliwa katika Hospitali ya Taifa Muhimbili, ikiwa ya kwanza ya umma katika Bara la Afrika kusini mwa Sahara. Kabla yake kisiwa cha Morisi kilikuwa kimeanza huduma hiyo mwaka 2006. Kliniki ya Mwananyamala ilifuata mwaka 2012 na ya Temeke mwaka 2014, kisha Zanzibar ikafungua yake Kidongo Chekundu mwaka 2015, na baadaye huduma zikafika Mbeya, Mwanza, Dodoma, Tanga, Arusha na kwingineko. Katika nchi ambayo kwa muda mrefu mraibu alijulikana kwa jina la kudhalilisha na kwa kipigo cha wananchi wenye hasira, kumfungulia dirisha la dawa ndani ya hospitali ya umma kulikuwa tamko la Serikali kwamba yeye ni mgonjwa na ni raia.

Methadoni hufanyaje kazi? Ni dawa ya jamii moja na heroini, lakini hunywewa badala ya kudungwa, huingia mwilini polepole na kukaa muda mrefu, kiasi kwamba dozi moja hutosha kwa takriban siku nzima. Madaktari Vincent Dole na Marie Nyswander wa New York walichapisha mwaka 1965 matokeo ya kuitumia kutibu uraibu wa heroini. Mgonjwa aliyepata kipimo sahihi haoni arosto, hapati ulevi uliokuwa ukimpeleka kijiweni, na akili yake hubaki huru kufanya kazi na kulea. Asubuhi, kwenye dirisha la dawa, mgonjwa hutambulishwa kwa jina na namba yake, mfamasia humpimia dawa ya maji kwenye kikombe kidogo, naye huinywa papo hapo mbele ya mhudumu, akanywa maji juu yake na kusema maneno machache ili ionekane kwamba amemeza. Tendo hilo huchukua dakika chache, lakini hurudiwa kila siku, Jumapili na sikukuu zikiwamo, na kwa mtu aliyekuwa akijidunga mara tatu au nne kwa siku maana yake ni kwamba sindano hizo zote zimeondoka maishani mwake.

Kuondoka kwa sindano ndiko kunakoifanya methadoni kuwa kinga ya VVU. Uchambuzi wa pamoja wa tafiti za nchi mbalimbali, uliochapishwa mwaka 2012, ulionyesha kwamba tiba ya aina hii hupunguza kwa zaidi ya nusu hatari ya mtu anayejidunga kuambukizwa VVU. Aidha, mgonjwa anayefika kliniki kila siku ni rahisi kupimwa kifua kikuu na kupewa dawa za kufubaza VVU mahali pamoja, na mtu anayezitumia vizuri hadi virusi visionekane kwenye vipimo hamwambukizi mwenzi wake kwa njia ya ngono. Utaalamu unahitajika hapa, kwa sababu rifampisini, mojawapo ya dawa za kifua kikuu, hupunguza nguvu ya methadoni mwilini, na mgonjwa asiyeongezewa dozi kwa wakati hupatwa na arosto na kurudi kijiweni, akionekana mkaidi ilhali kosa ni la hesabu ya dawa. Vilevile dozi za mwanzo hutolewa ndogo na kupandishwa taratibu, kwa kuwa methadoni nyingi, hasa ikichanganywa na pombe au dawa za usingizi, inaweza kuzuia pumzi na kuua.

Upande wa sheria pia ulibadilika. Sheria ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ya mwaka 2015 ilichukua nafasi ya ile ya mwaka 1995 na kuunda Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya, iliyoanza kazi mwaka 2017. Mamlaka hiyo inawasaka wasafirishaji na wafanyabiashara wakubwa, na wakati huo huo inashirikiana na Wizara ya Afya kuratibu tiba za waraibu na kuzisimamia nyumba za upataji nafuu, ambazo wengi huziita soba hausi. Kwa maneno mengine, chombo kimoja kimepewa upanga na dawa kwa pamoja. Mpangilio huo una faida ukitumiwa kwa busara, yaani upanga ukielekezwa kwa anayeingiza shehena na dawa ikimfikia anayeumia, na una hatari pale viwili hivyo vinapochanganywa.

Ndugu wasikilizaji, hatua ya tatu ndiyo nyeti zaidi, kwa kuwa inahusu mapengo. Yatatajwa manne: sindano, polisi, wanawake na fedha.

Pengo la kwanza ni sindano safi. Tanzania ilitangulia majirani kwa methadoni, lakini ugawaji wa sindano umebaki mdogo na kutegemea mashirika machache yasiyo ya kiserikali, kama shirika moja la madaktari kutoka Ufaransa lililoanza kazi Temeke kwenye miaka ya 2010. Sababu moja ni hofu ya jamii, na nyingine ni kwamba sheria za Marekani, ambayo imekuwa mfadhili mkubwa wa huduma za VVU, zimezuia kwa miaka mingi fedha za serikali yake kununua sindano kwa ajili ya watumiaji wa dawa. Kenya ilichukua njia nyingine: ugawaji wa sindano ulianza karibu na mwaka 2012, ukapingwa vikali na baadhi ya viongozi wa dini na wa jamii wa Mombasa, yakafanyika mazungumzo marefu, kisha methadoni ikaanza mwishoni mwa 2014 katika Hospitali ya Mathari jijini Nairobi na kufika Malindi na maeneo mengine ya Pwani mwaka uliofuata. Kwa nini sindano zihitajike ikiwa methadoni ipo? Kwa sababu si kila mtu anaishi karibu na kliniki, si kila anayejidunga yuko tayari kwa tiba ya kila siku, na hata aliye tayari huhitaji kubaki salama katika siku za kusubiri kuandikishwa. Kwa mtu huyo sindano safi ndiyo kinga pekee, na kinga haisubiri mtu aache.

Pengo la pili ni mgongano kati ya kituo cha afya na kituo cha polisi. Waelimishaji rika, yaani watu waliopitia maisha hayo na kufundishwa kuwafikia wenzao, hawawezi kufanya kazi kama kuonekana kijiweni kunawafanya wakamatwe, na mgonjwa hawezi kufika dirishani asubuhi kama njia ya kwenda kliniki ndiyo inayotumiwa kumvizia. Anayekamatwa akiwa katika tiba na kukaa mahabusu siku kadhaa bila dozi huingia arosto kali akiwa kizuizini, na aliyekosa dozi kwa siku tatu au zaidi mfululizo lazima apimwe upya kabla ya kurudishiwa kipimo chake, kwa kuwa mwili wake umepoteza mazoea na dozi ya zamani inaweza kumdhuru. Askari wa doria si adui katika jambo hili; ni mtumishi wa Serikali ile ile iliyonunua methadoni. Kinachohitajika ni maelekezo ya wazi kwa kila kituo kwamba mgonjwa aliye katika tiba apelekewe au apelekwe kunywa dozi yake, na kwamba sindano iliyo mfukoni isigeuzwe sababu ya kumkamata, kwa sababu anayeogopa kukutwa na sindano safi huitupa, halafu huazima chafu.

Pengo la tatu ni wanawake. Vipimo vya Temeke vilivyotajwa vilionyesha kwamba wao ndio walioathirika zaidi, lakini katika foleni za methadoni wanaume ndio wengi kupita kiasi. Sababu zake zinajulikana: mwanamke anayetumia heroini hulaumiwa mara mbili, mara kwa unga na mara kwa kuwa mwanamke, wengi wana watoto wasio na wa kuwaachia, wengine wanaishi chini ya mwanaume anayewapa dawa na kuwazuia kwenda popote, na wanaofanya biashara ya ngono usiku hawawezi kufika kwenye dirisha linalofungwa mapema. Mjamzito yuko katika hatari ya pekee, kwa kuwa kuacha heroini ghafla kunaweza kuharibu mimba, na mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2014 unashauri apewe tiba kama ya methadoni badala ya kuachishwa kwa nguvu. Ni wangapi kati ya wajawazito hao wamewahi kuambiwa hivyo na mkunga? Kliniki ya wajawazito na kliniki ya methadoni zinapaswa kufahamiana, na saa za huduma zipangwe kwa kufuata maisha ya wanaohudumiwa.

Pengo la nne ni fedha. Huduma hizi zilijengwa kwa sehemu kubwa kwa misaada, hasa ya mpango wa dharura wa Marekani wa kupambana na UKIMWI ulioanza mwaka 2003. Tarehe 20 Januari 2025 serikali ya Marekani ilisitisha misaada yake ya nje kwa ajili ya mapitio, na huduma za VVU katika nchi nyingi za Afrika zikatikisika, hasa zile za makundi yaliyo katika hatari kubwa. Tukio hilo limefundisha jambo ambalo halipaswi kusahaulika: mgonjwa wa methadoni hawezi kuambiwa asubiri robo mwaka wakati bajeti ikijadiliwa, kwa sababu arosto humfika kesho yake na muuzaji wa kete hajafunga duka. Dawa yenyewe si ghali. Gharama kubwa ni watumishi, majengo na ufuatiliaji, ambavyo Serikali inaweza kuviingiza hatua kwa hatua katika bajeti ya kawaida ya afya. Kupeleka dozi kwenye vituo vidogo vya afya na kuwaruhusu wagonjwa waliotengemaa kuchukua dozi za siku chache nyumbani, kama miongozo ya kimataifa inavyoruhusu kwa masharti, kungepunguza gharama hizo na kumwondolea mgonjwa mzigo wa nauli ya kila siku, ambao umewafanya wengi waache tiba kabla ya wakati.

Kwa muhtasari, ndugu wasikilizaji, yaliyosemwa ni haya. VVU hupita kwa sindano na pia kwa maji, pamba na vijiko vya pamoja, na umaskini na arosto ndivyo vinavyowalazimisha watu kuchangia. Serikali imeonyesha tangu mwaka 2011 kwamba mraibu anatibika, na kliniki zake zimeokoa maisha. Kazi iliyobaki ni kuongeza sindano safi, kuweka mapatano kati ya afya na polisi, kuwafungulia wanawake njia, na kulipia tiba kwa fedha za ndani ili uhai wa mgonjwa usitegemee uamuzi wa nchi ya mbali. Hakuna hata moja kati ya hayo linalopunguza ukali dhidi ya wafanyabiashara wakubwa wa unga. Serikali inaweza kuwa kali kwao na kuwa na huruma kwa mgonjwa kwa wakati mmoja, na ni wajibu wake kuwa hivyo.

Na msikilizaji wa kawaida afanye nini? Mwenye mtoto au ndugu anayetumia asimfungie chumbani wala kumfunga kamba ili arosto imtoke, bali ampeleke kwenye kliniki iliyo karibu au aulize hospitali ya mkoa, na amsindikize katika wiki za mwanzo ambazo ndizo ngumu. Waliosema kwamba mficha maradhi kifo humuumbua hawakukosea, na familia inayomficha mraibu kwa aibu humfichia pia kipimo cha VVU na dawa ambazo zingemweka hai. Kiongozi wa mtaa anaweza kuwakutanisha mkuu wa kituo cha polisi na mganga wa kituo cha afya wakazungumza. Imamu, mchungaji na padri wanaweza kusema mimbarini na madhabahuni kwamba kuokoa uhai hakuhalalishi unga. Mfamasia wa duka la dawa anayeombwa sindano na kijana aliyekonda anaweza kumuuzia bila kumfokea, na kumweleza kliniki iko wapi.

Kwa wale wanaotumia na wanaosikiliza jioni hii, ujumbe ni mmoja na hauna sharti. Asiyeweza kuacha leo asitumie sindano, maji wala pamba ya mwenzake, apime VVU na homa ya ini, na aulize habari za methadoni. Akitaka kuacha mwezi ujao au mwaka ujao, awe bado hai na mwenye afya ya kufanya hivyo, na Serikali iwe tayari imemfungulia mlango. Kinga haisubiri mtu aache.